Chanjo katika duka la dawa: elimu itangulie sindano

Mchungaji aliyeng'atwa na mbwa, mama ambaye mwanawe ameharisha tangu alfajiri, kijana aliyekanyaga msumari akiwa kazini: wote hawa, wakiwa Endagikot au kata yoyote ya jirani wilayani Mbulu, mkoani Manyara, wana uwezekano mkubwa wa kusimama mbele ya duka la dawa kabla hawajafika hospitali. Dukani hakuna kufungua faili wala kupanga foleni ya kumwona daktari. Anayehudumu ni mtu wa hapo hapo, mara nyingi anazungumza Kiiraqw na wazee wasiokimudu Kiswahili vizuri, na hafungi mlango saa tisa na nusu alasiri. Ndiyo maana maswali ambayo Wizara ya Afya ingependa yaulizwe kliniki huishia kuulizwa kwenye kaunta. Je, mtoto mwenye mafua anaweza kuchanjwa? Je, aliyekosa tarehe ya kadi aanze upya? Je, ni kweli chanjo ya wasichana inaleta utasa? Anayeulizwa hujibu, awe anajua au hajui, kwa sababu mteja amesimama mbele yake na anasubiri.

Kwingineko duniani, hali hiyo ilizaa hoja ya kumruhusu mfamasia achanje. Nchini Marekani, Chama cha Wafamasia kilianzisha mafunzo rasmi ya uchanjaji mwaka 1996, na kufikia mwaka 2009 majimbo yote 50 yalikuwa yameshawapa wafamasia ruhusa ya kuchanja kwa kiwango fulani. Janga la Uviko-19 lilipokuja, famasi za nchi hiyo zilitoa mamia ya mamilioni ya dozi. Kwetu Tanzania, tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo uanze mwaka 1975, kazi hiyo imekuwa mikononi mwa wauguzi na wahudumu wa vituo vya afya, na wameifanya vizuri. Lakini hoja ya famasi kuchanja haiwezi kuepukwa milele, kwa kuwa chanjo zinaongezeka, watu wazima nao wanazihitaji, na wahudumu hawaongezeki kwa kasi hiyo hiyo. Msimamo wangu ni kwamba tukianza kwa kubishana nani aruhusiwe kushika sindano tutakuwa tumeanzia mwisho. Kuchoma sindano ni sehemu fupi na nyepesi kuliko zote katika kazi ya chanjo. Kinachookoa au kuua kimo katika maarifa yanayotangulia sindano na yanayoifuata, na maarifa hayo yanahitajika kwenye kaunta za Mbulu leo, hata kama mfamasia hatachanja mtu yeyote kwa miaka kumi ijayo.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nani. Mtaani kila anayeuza dawa huitwa daktari, lakini sheria inawatofautisha. Yupo mfamasia mwenye shahada, yupo fundi dawa sanifu, na yupo mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu, ambaye amepewa mafunzo mafupi na kupewa orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Wote wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Wafamasia wengi wako Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Vijijini anayeonekana ni mtoa dawa. Maduka hayo muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza chochote kilichopatikana. Tathmini ya majaribio hayo ilionyesha kuwa dawa zisizosajiliwa zilizokuwa zikiuzwa zilishuka kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Takwimu hiyo inastahili kukumbukwa na kila anayedhani muuza dawa wa kijijini hafundishiki. Alifundishwa, akakaguliwa, akabadilika. Swali ni nini kilichobaki kufundishwa, na chanjo ni sehemu kubwa ya kilichobaki.

Tuanze na ubaridi. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Watu wengi wanajua kwamba joto huharibu chanjo, na wachache wanajua kwamba baridi kupita kiasi nayo huharibu. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, ile ya tano kwa moja wanayopewa watoto, ya nimonia na ya saratani ya mlango wa kizazi zikiganda barafu hupoteza nguvu, na hazirudishi nguvu hiyo zikiyeyuka. Mwenye duka anayesifia jokofu lake kwa kuwa linagandisha maji ndani ya saa mbili anasifia kitu kinachoweza kuua chanjo zote zilizomo. Kwenye vichupa vingi kuna alama ndogo ya mraba ndani ya duara: mraba huo huanza ukiwa mweupe kuliko duara, na kadiri kichupa kinavyokumbwa na joto ndivyo unavyozidi kukolea, mpaka ukilingana na duara au kulipita kichupa hicho kinatupwa. Ila alama hiyo haisemi lolote kuhusu kuganda. Kwa hilo kuna jaribio la kutikisa. Mhudumu huchukua kichupa anachokitilia shaka na kingine cha toleo hilo hilo alichokigandisha makusudi kisha akakiyeyusha, anavitikisa vyote pamoja, anaviweka mezani sambamba na kutazama. Kilichogandishwa huanza kutuamisha machicha chini upesi. Kama kile cha shaka kinatuama kwa kasi ile ile, kisimguse mtu. Jaribio hilo halihitaji mashine yoyote, linahitaji mtu anayejua kwamba lipo, na anayejua chanjo zipi linazihusu na zipi halizihusu.

Baada ya ubaridi kuna kuchanganya. Chanjo ya surua na rubela, kama ile ya kifua kikuu, huja ikiwa unga mkavu na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kutolewa. Ikishachanganywa haina kinga dhidi ya vijidudu, hivyo kilichobaki hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa zoezi, lipi litangulie. Kanuni hii inaonekana ya kiofisi mpaka inapokiukwa. Mei 2017, katika eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulikuta kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumika tena na tena kwa siku zote nne za kampeni, kwamba chanjo zilikaa bila ubaridi, na kwamba baadhi ya walioshiriki kuchanja hawakuwa na sifa. Chanjo yenyewe ilikuwa nzuri, kiwandani ilitoka salama. Walioshika bomba ndio waliogeuza kinga kuwa sumu, na hakuna ushahidi kwamba walikuwa na nia mbaya. Hawakujua.

Mwaka uliofuata, upande wa pili wa dunia, taifa la visiwa la Samoa lilipata somo kama hilo kwa bei kubwa zaidi. Julai 2018 watoto wachanga wawili walifariki dakika chache baada ya kuchanjwa, kwa sababu wauguzi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya usingizi ya kulegeza misuli badala ya maji. Vichupa vilifanana machoni mwao. Serikali ilisimamisha chanjo ya surua kwa miezi kadhaa, uvumi ukachukua nafasi ya maelezo, na kiwango cha watoto waliochanjwa surua kikaporomoka hadi karibu theluthi moja. Mwishoni mwa 2019 surua iliingia ikakuta nyumba haina mlango. Katika taifa lenye watu wapatao 200,000, watu 83 walifariki, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kosa la kichupa kimoja liliua wawili. Hofu iliyotokana na kosa hilo ikaua makumi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya haraka. Mtu anayechanja akikosea Endagikot, hasara haitabaki Endagikot. Habari itapanda basi la Karatu asubuhi hiyo hiyo, itafika Haydom kabla ya chakula cha mchana, na zahanati ambazo hazikuhusika kabisa zitashuhudia akina mama wakibaki nyumbani na watoto wao.

Hapo tumezungumzia maarifa ya anayechanja. Yapo pia maarifa ya asiyechanja, na haya ndiyo ninayodai yaanze kutolewa kesho. Mama anaponunua chumvichumvi za kuongeza maji na vidonge vya zinki kwa ajili ya mtoto anayeharisha, mtoa dawa ana nafasi ambayo muuguzi wa zahanati hana: mtoto yupo mbele yake siku ambayo si ya kliniki. Swali moja, "Kadi ya mtoto iko wapi, mama?", linaweza kufichua kwamba chanjo ya rota ya wiki ya 6 ilitolewa na ya wiki ya 10 haikutolewa, au kwamba surua ya miezi 9 ilipatikana na ile ya miezi 18 ikasahauliwa, kama wengi wanavyoisahau kwa kudhani mtoto amemaliza. Wilaya ya Mbulu inajua uzito wa jambo hili kuliko wilaya nyingi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa wa kuharisha na utapiamlo wa watoto, na watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa hapo baada ya chanjo ya rota kuanza nchini mwaka 2013 waliona kuwa ugonjwa huo ulipungua, ingawa haukuisha. Ujuzi huo umezalishwa hapa hapa Mbulu. Kuuona ukiishia kwenye majarida ya kitabibu huku muuza dawa wa jirani akiwa hajui rota ina dozi ngapi ni kupoteza mali.

Anayejua ratiba anajua pia kwa nini mama hurudishwa nyumbani. Kichupa cha surua kina dozi kumi, cha kifua kikuu kina ishirini, na vikishafunguliwa vina saa hizo 6 tu. Muuguzi mwenye mtoto mmoja mlangoni husita kufungua, humwambia mama aje siku ya kliniki, na mama aliyetembea kutoka bondeni huenda asirudi. Mtoa dawa aliyeelewa hesabu hiyo anaweza kumwambia mama mapema siku gani chanjo ipi inafunguliwa katika zahanati ipi, na akamzuia kufunga safari ya bure. Ni taarifa ndogo sana, ya kubandikwa ukutani kwa karatasi moja, lakini kwa familia ya wafugaji wa Kidatoga wanaokuja mnadani mara moja kwa juma, ndiyo inayoamua kama mtoto atachanjwa juma hilo au la.

Kuhusu mbwa, maarifa hayo yanaamua uhai moja kwa moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na kwa Tanzania imekuwa ikikadiriwa kwamba kinaua watu wapatao 1,500 kila mwaka. Aliyeng'atwa akiingia dukani kuomba dawa ya kidonda, mambo matatu yanapaswa kumtoka mhudumu bila kufikiri. La kwanza, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hapo hapo, kabla ya kuuza kitu chochote. La pili, sindano ya pepopunda haikingi kichaa cha mbwa; ni chanjo mbili tofauti za magonjwa mawili tofauti, na anayeondoka akiamini amekingwa kwa sababu amechomwa sindano fulani amepewa matumaini yanayoweza kumuua. La tatu, aende hospitali leo, chanjo ianze leo, na dozi zinazofuata za siku ya 3 na ya 7, na nyinginezo atakazopangiwa, zisikatizwe kwa sababu kidonda kimepona. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji leseni ya kuchanja. Vivyo hivyo kwa pepopunda yenyewe: baada ya maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 3, 2023, hakuna mtu wa Manyara anayehitaji kuelezwa kwamba majeraha yenye udongo yanaweza kutokea wakati wowote, na kwamba swali "Ulichanjwa lini mara ya mwisho?" linapaswa kuulizwa na kila anayeuza bandeji.

Halafu kuna maneno ya watu. Tanzania ilianza kuchanja wasichana nchi nzima dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2018, kwa dozi mbili, na Aprili 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi aliyesikia miaka ile kwamba dozi ni mbili, na sasa anaambiwa moja inatosha, ana haki ya kuuliza kama serikali imeishiwa. Jibu ni kwamba tafiti, zikiwemo zilizofanyika Afrika Mashariki, zimeonyesha kuwa dozi moja inalinda vizuri, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake mwaka 2022. Mtoa dawa aliyefundishwa mwaka 2018 na hajarudi darasani atampa mzazi huyo jibu la zamani, na jibu la zamani likikutana na tangazo jipya linazaa tetesi. Mambo ya chanjo hubadilika: Aprili 2016 dunia nzima, nasi tukiwemo, iliacha matone ya polio ya aina tatu na kuchukua ya aina mbili. Kwa hiyo ninapodai elimu, simaanishi semina moja yenye posho na cheti cha kutundika ukutani. Namaanisha elimu inayofungamanishwa na kuhuisha leseni, ili asiyejua kilichobadilika asihuishiwe.

Yapo mapingamizi, na baadhi ni ya maana. La kwanza ni kwamba mjadala wa wafamasia kuchanja ni wa Dar es Salaam, hauna nafasi mahali ambapo mwenye shahada ya famasi ni adimu. Nakubali hoja hiyo na ndiyo inayonifanya nitake elimu kwa ngazi. Mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu hapaswi kuchoma sindano, na sitaki apewe. Anapaswa kujua ratiba, kusoma kadi, kuosha jeraha, kukanusha uvumi na kuelekeza. Fundi dawa aongezewe utunzaji wa ubaridi na utambuzi wa bidhaa bandia. Mfamasia mwenye famasi iliyokaguliwa, jokofu linalopimwa joto mara mbili kwa siku na chumba cha faragha ndiye pekee anayeweza kufikiriwa kuchanja, tena aanze na watu wazima. Watoto wabaki kliniki, ambako pamoja na chanjo hupimwa uzito, hupewa vitamini A na mama huzungumzwa naye. Kumhamishia mtoto dukani ni kumnyima hayo mengine yote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wauguzi, nao hawasemi kwa wivu. Wanahofia kwamba kumbukumbu zitavunjika: mtu achanjwe homa ya ini famasi dozi ya kwanza, ya pili kituo cha afya, ya tatu asijulikane alikoipata, na mwisho wa mwaka takwimu za halmashauri ziseme uongo. Hofu hiyo ina msingi, na Marekani yenyewe haikuipuuza. Serikali yake ilipopanua ruhusa ya wafamasia kuchanja watoto Agosti 2020, iliweka masharti kwa watu ambao tayari wana shahada: mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 20, cheti halali cha kumfufua aliyezimia, kuangalia kumbukumbu za chanjo za mtu kabla ya kumchanja, na kuandikisha kila dozi kwenye daftari la jimbo. Nchi tajiri iliyo katikati ya janga haikuona masharti hayo ni urasimu. Sisi tusiyaone hivyo. Famasi isiyoingiza dozi katika mfumo ule ule unaotumiwa na zahanati isiruhusiwe kuchanja, na muuguzi wa chanjo wa halmashauri awe na mamlaka ya kuingia na kukagua jokofu lake bila taarifa.

La tatu ni biashara. Mwenye duka ana faida ya kutafuta, na penye faida huingia bidhaa bandia. Jirani zetu Uganda wameyaona hayo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu chanjo bandia za homa ya ini B zilizokuwa zikizunguka nchini humo, na mwaka 2021 maofisa wa huko walisema mamia ya watu walichomwa maji badala ya chanjo ya Uviko-19. Ninalipokea pingamizi hili kwa uzito, ila nauliza: ni nani aliye kwenye nafasi ya kutambua kichupa bandia, mfamasia anayejua jinsi lebo, namba ya toleo na chanzo vinavyopaswa kuwa, au mnunuzi? Kumwacha mfamasia bila elimu ya chanjo hakuzuii bidhaa bandia. Kunaondoa jicho ambalo lingeweza kuziona. Dawa ya tatizo ni chanzo kimoja kinachofuatilika, yaani Bohari ya Dawa au msambazaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, bei ya huduma kubandikwa mlangoni, na adhabu ya kufungiwa kwa atakayekutwa akiuza chanjo ya bure ya serikali.

Pingamizi la nne linatoka upande mwingine kabisa. Kuna wanaosema masharti yote haya ni anasa, kwamba watu wanakufa wakati tunaandaa mitaala, na kwamba kampeni ya Uviko-19 ilithibitisha chanjo ikipelekwa sokoni, kanisani na msikitini watu huipokea. Ni kweli. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua chanjo hiyo Julai 28, 2021, mwitikio ulikuwa wa kusuasua hadi ulipokuja ule mpango shirikishi na harakishi uliowafuata watu waliko. Lakini waliofuata watu sokoni walikuwa wahudumu waliofunzwa, wakiwa na makasha ya ubaridi na dawa za dharura. Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra sana, takriban mtu mmoja katika kila dozi milioni moja, na unatibika kwa sindano ya adrenalini ikichomwa pajani mapema. Nadra haimaanishi haupo, na ukitokea mbele ya mtu ambaye hajui kuutofautisha na kuzimia kwa hofu, hakuna muda wa kupiga simu Hospitali ya Wilaya. Anayetaka kuchanja bila kumweka mtu dakika 15 kwenye kiti, bila adrenalini ndani ya hatua mbili, na bila kujua kujaza fomu ya kuripoti madhara, anataka mauzo, na hatufai.

Yanayotakiwa kufanyika yako ndani ya uwezo wetu. Baraza la Famasi na Mpango wa Taifa wa Chanjo wakae pamoja waandike mtaala mmoja wa ngazi tatu, mfupi kwa mtoa dawa na mrefu kwa mfamasia, na waufanye sharti la kuhuisha leseni. Vyuo vinavyofundisha famasi, kuanzia Muhimbili, vilifundishe somo la chanjo kwa vitendo, mwanafunzi atikise vichupa kwa mikono yake badala ya kukariri nyuzi joto kwa ajili ya mtihani. Halmashauri ya Mji wa Mbulu na zile za Mbulu na Hanang hazihitaji kusubiri Dodoma kwa hatua ya kwanza: mratibu wa chanjo wa kila halmashauri anaweza kuwaita watoa dawa wa eneo lake kwa siku mbili, kuwapa ratiba ya chanjo na siku za kliniki za kila zahanati, na kuwaachia namba ya simu ya kuuliza. Gharama yake haifikii ya kudhibiti mlipuko mmoja wa surua. Baada ya mwaka mmoja ipimwe: wangapi walielekezwa kutoka dukani, wangapi walifika, na watoto wangapi waliokuwa wamekosa dozi walizipata. Matokeo hayo, na si mfano wa Marekani wala shinikizo la chama chochote cha taaluma, ndiyo yatakayotuambia kama kuna famasi mkoani Manyara iliyostahili kupewa hatua inayofuata. Mfamasia atakayeipata sindano kwa njia hiyo ataipata akiwa ameshaaminiwa na muuguzi, na ameshajulikana kwa akina mama kuwa ni mtu anayeuliza kadi kabla ya kuuliza pesa.